Hesabu ya Kinengenenge Kilimani Ndorwe

I

Robo saa kila Jumamosi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Mtoto akae mahali pamoja, asitembee wala asiseme. Aandike idadi kubwa kuliko zote ya ndege aliowaona kwa mara moja. Asijumlishe waliokuja mwanzo na waliokuja mwisho, maana yumkini ni wale wale. Jina la ndege, idadi, saa, sahihi. Hiyo ndiyo Sheria ya Hesabu, na katika miaka kumi na mmoja niliyokuwa msimamizi wake hapa Ndorwe, haikupita Jumamosi hata moja ambayo taarifa ya shule yangu ilichelewa kufika.

Asubuhi ile mjukuu wangu Nakijwa, mtoto wa miaka tisa, alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza kwenye mforsadi. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Matunda yalikuwa yameiva, na katikati ya majani niliwaona kinengenenge wanne: migongo ya kijani, koo za manjano, na ile pete nyeupe iliyozunguka jicho kana kwamba mtu ameichora kwa chaki. Walikuwa wakining'inia vichwa chini, kama ilivyo desturi yao wanapokula.

Saa ikalia. Nakijwa akaandika, akalifunga daftari kwa haraka.

"Lete."

"Babu, nimeshamaliza."

"Sikukuuliza kama umemaliza. Nimesema lete."

Akaleta. Mbele ya neno "kinengenenge" palikuwa na duara moja, safi, lililochorwa kwa penseli.

"Hii ni nini?"

"Sifuri, Babu."

"Najua ni sifuri. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na minane. Nakuuliza, ulikuwa umekaa hapa au ulikuwa umelala?"

"Nilikaa."

"Nami nimesimama hapa, na macho haya ya mzee yamewaona wanne. Wako pale. Mmoja yuko kwenye tawi la chini. Tazama!"

Akatazama. Siwezi kusema kwamba hakujitahidi. Alikunja uso, akasogeza kichwa huku na huku, akasimama juu ya kigoda.

"Naona majani, Babu. Na matunda."

"Na matunda hayo yanajidonoa yenyewe?"

"Hayajadonolewa. Yanaoza tu."

Niliichukulia kauli hiyo kuwa ni ujeuri. Sheria ilimkataza mtu mzima kuhesabu, kwa kuwa sisi wote wenye umri wa zaidi ya miaka kumi na minne tulikuwa na lenzi ndani ya macho, nayo Taasisi ya Ndege wa Milimani haikuziamini lenzi. Mimi niliona ni tahadhari ya wasomi tu. Nilijua kwamba lenzi huongeza wekundu wa machweo na kupunguza makunyanzi ya nyuso. Haikunijia hata siku moja kwamba yaweza kuongeza kiumbe.

"Nakijwa," nilimwambia, "kuna vijiji ambavyo watoto hukaa kwenye vigoda wakichezea vidole, kisha huandika sifuri ili wawahi kwenda kucheza. Shule hii haijapata kupeleka ukurasa mtupu. Futa. Andika wanne."

"Lakini mimi sijawaona."

"Babu yako amewaona. Futa."

Akafuta. Chozi lilidondoka karibu na mstari, nami nikamwambia achunge asilowanishe karatasi. Akaandika nne, nzuri, yenye mgongo ulionyooka, kama nilivyomfundisha. Nikaipiga picha taarifa, nikaituma kwenye Mizani, ile mashine kuu ya Taasisi iliyokuwa ikipokea hesabu za watoto kutoka milima yote na kuamua ni mlima upi upelekewe makinda na upi usubiri. Kisha nikanywa chai yangu.

II

Jumanne iliyofuata gari la Taasisi lilipanda hadi Ndorwe, akashuka Dakta Namsifu. Nilimfundisha huyo binti tangu darasa la tatu hadi la saba. Hakuna mwanafunzi wangu aliyefika mbali kama yeye, wala sikuwa nikimwacha mgeni aondoke nyumbani kwangu bila kulisikia hilo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Namsifu. Dakta mzima, na bado unaburuta miguu?"

"Kilima chako kimeongezeka urefu, Mwalimu."

"Kilima hakijaongezeka. Aliyeongezeka ni wewe."

Akacheka hadi akaegemea mlango wa gari. Alivaa miwani ya kioo, yenye fremu ya waya, kitu ambacho watoto wa siku hizi hawakijui. Watafiti walikatazwa lenzi. Nakijwa aliikodolea macho wakati wote tulipokuwa tukila makande, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, hiyo inaonyesha nini?"

"Inaonyesha kilichopo, mwanangu, ila kwa ukubwa zaidi."

Alipomaliza kula alisukuma sahani pembeni, akaviweka viganja vyake juu ya meza. Alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni kila alipotaka kusema jambo zito.

"Mwalimu, katika Nyumba ya Makinda tumebakiwa na kinengenenge wawili. Wote majike. Dume wa mwisho alikufa mwezi uliopita."

"Na mbegu mlizohifadhi kwenye barafu?"

"Zilishindwa. Kila yai lilikuwa viza."

"Na milima mingine?"

"Kumi na mmoja imeleta sifuri, mwaka wa tano huu. Kinengenenge wamebaki kwako tu." Sauti yake ilitetemeka kidogo, nami nikadhani ni furaha, na kweli ilikuwa furaha. "Nahitaji madume matatu. Nikipata hata mawili, majike wetu watataga wakiwa hapa hapa msituni kwako. Naomba ruhusa yako nitege nyavu."

Sitaficha nilivyojisikia. Kiumbe mzima alikuwa amenusurika, na aliyemnusuru ni nidhamu ya shule yangu. Nilimwambia kwamba wasimamizi wengine ni wazembe, huwaachia watoto waandike wapendavyo, ndiyo maana ndege wao hawaonekani. Namsifu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nakijwa alikuwa ameinama, akiokota punje za mahindi zilizomwagika mezani, moja moja.

III

Nyavu zenyewe zilikuwa nyembamba kama utando wa buibui. Namsifu alizifunga kwenye miti mirefu: mbili kati ya mforsadi na uzio, nne ukingoni mwa msitu. Jumatano tulikaa kimya tangu alfajiri hadi jioni. Tulinasa popo mmoja na majani. Alhamisi tulinasa majani.

"Pale," nilikuwa nikimnong'oneza kila baada ya muda. "Wako watatu, karibu na kigogo."

Alikuwa akitazama nilikoonyesha, kisha akiandika kitu kwenye kitabu chake. Hakujibu. Nilidhani ananyamaza ili asiwashtue.

Ijumaa, yapata saa tatu asubuhi, kinengenenge mmoja aliruka kutoka juu ya paa la jiko moja kwa moja kuelekea kwenye wavu. Nilimwona wazi kabisa. Nilizuia pumzi. Akaufikia wavu, akapita katikati yake, akatua upande wa pili na kunyoosha bawa. Wavu haukutikisika.

"Amepita," nilisema.

"Nani, Mwalimu?"

"Kinengenenge. Amepita katikati ya wavu."

Namsifu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake, akaivaa tena. Hakuutazama wavu. Alinitazama mimi, kwa namna ambayo mganga humtazama mtu anayesema kwamba hajisikii vibaya.

"Lenzi zako uliwekewa lini?"

"Mwaka ule ule Hesabu ilipoanza. Nilikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Zilikuwa lenzi za kwanza kuletwa wilayani."

"Ni za kujaziliza?"

Nilimwambia kwamba sijui neno hilo. Ndipo akanieleza, polepole, kwa Kiswahili kile kile nilichomfundisha. Jicho la mgonjwa halipokei nuru ya kutosha, alisema. Hivyo waundaji waliifundisha lenzi kuziba pengo. Katika mwaka wa kwanza lenzi hujifunza mahali mtu anapoishi: mlango uko wapi, ngazi ziko ngapi, ni nini hutokea kwenye mti fulani asubuhi. Baada ya hapo, kila nuru inapopungua, huweka kile ambacho kwa kawaida huwa pale.

"Hata watu?"

"Watu walikatazwa kisheria, baada ya wajane kulalamika. Kuhusu ndege hakuna aliyelalamika."

"Unaniambia kwamba macho yangu ni ya uongo."

"Yanakumbuka, Mwalimu. Yanakumbuka vizuri kuliko inavyofaa. Bonyeza nyuma ya sikio kwa vidole viwili, uhesabu hadi kumi."

Nilibonyeza. Nilihesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Nilipofika nane uani pakaingia giza hafifu, kingo za vitu zikalegea, na nilipofika kumi mforsadi ulikuwa umesimama mbele yangu na matunda yake meusi, yaliyopasuka, yenye inzi. Chini ya mti ardhi ilikuwa imefunikwa na matunda ya wiki nyingi. Hakuna aliyekuwa ameyala.

IV

Mimi ni mtu wa kutunza kumbukumbu. Madaftari yote ya Hesabu yalikuwa kwenye kabati la ofisi yangu ya zamani, yamepangwa kwa miaka. Mchana ule tuliyabeba hadi barazani, na Namsifu akaomba aitwe mtu aliyewahi kuwa mhesabuji. Nikamwita Mbonea, ambaye sasa ni fundi seremala na ana karakana yake karibu na daraja. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mbonea," nilianza, "ulipokuwa darasa la saba, Jumamosi moja uliandika kinengenenge watano. Uliwaona?"

Alimtazama Dakta, kisha mimi. "Mwalimu, nijibu kama mtu mzima au kama mwanafunzi wako?"

"Kama mtu mzima."

"Basi tulikuwa tunagawana." Alisema hivyo kwa upole, bila kebehi. "Pale darajani, tukija shuleni kuleta madaftari. 'Wewe wiki jana ulikuwa na watano, leo chukua wawili. Fulani naye achukue watatu, ana mti mkubwa kwao.' Tulikuwa waangalifu. Hatukufika saba hata siku moja, maana ukisikia saba ungekuja kuangalia mwenyewe."

"Mngeniambia!"

"Elibariki alikwambia, Mwalimu."

Nilitaka kumuuliza Elibariki yupi, lakini nilikuwa nimekwisha kumkumbuka. Mtoto mwembamba, mwenye kigugumizi.

"Alileta ukurasa mtupu akasema kwao hawaji tena. Ukamsimamisha mbele ya gwaride siku tatu, daftari limefunguliwa na kufungwa shingoni kwa kamba, kila mtu asome. Siku ya tatu alijikojolea." Mbonea aliipangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Tangu siku ile sote tukawa tunawaona ndege."

Namsifu alikuwa ameliinua daftari moja, amelilaza kwenye mwanga wa jua, analiinamisha huku na huku. Akaniita nikaribie. Pale palipoandikwa tatu, chini ya maandishi ya penseli, palikuwa na mfereji mdogo wa mviringo uliobonyea kwenye karatasi. Ufutio huondoa rangi. Alama ya mkono wa mtoto hauiondoi. Walikuwa wameandika kwa uaminifu kwanza, kila mmoja nyuma ya nyumba yao, kisha wakafuta darajani.

Tukakaa hadi alasiri. Namsifu alisoma mifereji, Mbonea akaandika, mimi nikafungua kurasa, maana lenzi niliziacha zimezimwa, na kwa macho yale sikuweza kufanya zaidi. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Tulirudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi tulipofika mahali ambapo hapakuwa na kilichofutwa: msichana mmoja wa darasa la nne, mwezi wa Machi, miaka saba iliyopita. Kinengenenge wawili. Hao ndio waliokuwa wa mwisho kuonwa na jicho la kweli hapa Ndorwe.

"Mwaka ule," alisema Namsifu, "Nyumba ya Makinda ilikuwa na makinda themanini."

"Yalikwenda wapi?"

"Kwenye mlima wenye joto zaidi, uliokuwa na uhaba. Yote yalikufa."

"Kwa nini hamkuyaleta hapa? Hapa kuna baridi. Hapa yangeishi." Nilikuwa nikijua jibu wakati maneno yakinitoka.

"Hapa walikuwa wengi, Mwalimu." Alifunga daftari. "Shule nyingine zote nilituma watu wakahakiki. Kwako sikutuma mtu. Niliona mwandiko wako chini ya taarifa, nikapiga muhuri. Kila mwaka. Usidhani hili ni lako peke yako."

Nafikiri alikusudia kunifariji. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Kisha akanieleza kilichobaki. Kesho yake, Jumamosi, ulikuwa ufungaji wa mwaka. Kwa mujibu wa Sheria, mtoto mhesabuji mmoja, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Nakijwa, hutoa ushahidi kwa mdomo mbele ya msimamizi na mtafiti, nao hurekodiwa na kwenda kwenye Mizani. Ushahidi wa mtoto ndio wa mwisho. Ukiwa na idadi yoyote, hata mmoja, Ndorwe ingebaki kuwa kilima hai. Msitu ungelindwa, na majike wale wawili wangeletwa na kuachiwa humo. Ukiwa sifuri, jina la kinengenenge lingefutwa kwenye orodha ya viumbe waliopo, majike wangebaki kwenye tundu lao hadi mwisho wao, na msitu wetu ungegawiwa kwa makampuni ya mbao kabla ya mvua za vuli.

Mbonea alisimama. "Basi liishie hapa. Kuna nini cha kufikiri? Ndege wamekwisha kufa, Mwalimu. Msitu bado uko hai, na maji tunayokunywa yanatoka humo. Mtoto aseme wawili, biashara imekwisha. Mbona sisi tulisema miaka yote?"

"Na wengine?" nilimuuliza Namsifu. "Mizani inaitumia hesabu yetu kwa ndege wengine?"

"Inaitumia. Imejifunza kutoka Ndorwe kwamba ndege wadogo wa milimani huvumilia joto la sasa. Ndiyo maana kuna aina thelathini na mbili, Usambara na Uluguru, ambazo haijazipangia makinda. Inasubiri. Inaamini bado wana muda."

"Hawana?"

"Kama kweli ni sifuri ya miaka saba, hawana."

Mbonea akakaa tena. Msitu wetu kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine ndege ambao mimi wala yeye hatutawaona maishani. Nilimwomba Namsifu aniambie ni lipi la haki. Alitikisa kichwa.

"Haki nilifundishwa na wewe," alisema.

V

Jioni ile sikumwambia Nakijwa neno lolote kuhusu ushahidi. Sheria ilikataza kumfundisha mtoto jibu, nami niliamua, angalau mara hiyo moja, kuishika kama ilivyoandikwa. Aliniuliza mbona najigonga kwenye meza. Nikamwambia macho yamechoka.

Asubuhi alikaa kwenye kigoda chake robo saa nzima. Namsifu aliweka kinasa sauti juu ya mtungi uliofunikwa. Mbonea alikuja, hakuitwa na mtu, akasimama nje ya uzio na mikono yake juu ya kigingi. Saa ilipolia, mtoto alikuja akasimama mbele yangu, visigino pamoja, mikono ubavuni.

Swali la Hesabu ni moja nalo huulizwa mara tatu, na jibu la tatu ndilo linaloandikwa. Msimamizi haongezi neno.

"Nakijwa binti Eliamani, umeona kinengenenge wangapi?"

Alinitazama usoni. Nilimwona kama kwenye maji, kwa kuwa lenzi zilikuwa hazijazilizi tena, lakini niliona alivyokuwa akinisoma: mdomo wangu, nyusi zangu, mkono wangu ulioshika fimbo.

"Watatu," alisema.

Nyuma ya uzio nilimsikia Mbonea akishusha pumzi. Namsifu hakuinua kichwa. Nami nilifahamu kwamba ningeweza kuuliza mara mbili zilizobaki kwa sauti ile ile, na jambo lingekwisha hivyo, bila mimi kusema uongo wowote kwa kinywa changu. Msitu ungesimama. Shule ingebaki na jina lake, na wale waliogawana ndege darajani wangebaki na heshima zao. Mtoto alikuwa amenipa zawadi hiyo akiwa amesimama wima, kama nilivyomlea.

"Umeona kinengenenge wangapi?"

Uso wake ulibadilika. Alijua kwamba mwalimu huuliza mara ya pili pale tu jibu la kwanza linapokuwa na kasoro. Akafikiri upesi.

"Wa... wanne, Babu. Watano. Mmoja alikuwa nyuma ya jani."

Sikuruhusiwa kumwambia kitu. Sikuruhusiwa kutikisa kichwa. Nilijaribu kuulegeza uso wangu, nami nikagundua kwamba sijui namna; ulikuwa umekaza hivyo miaka mingi mno. Basi niliiweka fimbo chini, nikamgeuzia mtoto mgongo, nikaukabili ukuta wa jiko, mahali ambapo hangeweza kusoma chochote.

"Umeona," niliuambia ukuta, "kinengenenge wangapi?"

Inzi walivuma kwenye mforsadi. Nilisikia unyayo wake ukisugua udongo, mara moja, mara mbili.

"Hakuna," alisema.

Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, kinasa sauti kikiwa bado kinazunguka: "Sijawahi kumwona hata mmoja. Tangu nianze. Wote niliandika tu."

Namsifu alitaja tarehe na saa, akakizima kinasa sauti. Nilimsikia akiondoka kwenda kwenye gari, akimpigia simu mtu wa Nyumba ya Makinda, akimwambia asiwaandae majike kwa safari. Alilirudia hilo, kwa kuwa aliyekuwa upande wa pili hakuelewa. Nilipogeuka, Mbonea hakuwapo tena penye uzio.

Nakijwa alikuwa amesimama pale pale, analia bila sauti.

"Nimekosea, Babu?"

"Hapana. Umejibu sawasawa. Aliyekosea ni mimi, na nimekosea miaka mingi. Unanisikia? Umejibu sawasawa."

Hakuniamini. Alinitazama, akaitazama fimbo pale ilipolala, akaiokota, akaniwekea kwenye mkono wangu wa kulia. Kisha akanyoosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu, vidole vimekazwa pamoja, akafumba macho akisubiri.

Niliiacha fimbo ianguke. Niliushika mkono ule mdogo kwa mikono yangu yote miwili, nao ulikuwa mgumu kama ubao, wala haukulegea. Nami nikasimama nao hivyo, katika ukungu wa macho yangu, nisijue niufanyie nini.